Kufuma Skafu Kulifungua Vinywa Vyetu

Mama mwenzangu, Biblia ina habari nyingi za wanawake na nyuzi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35, wanawake wenye ustadi walisokota nyuzi za rangi kwa mikono yao na kuzileta kwa kazi ya hema ya Bwana. Katika Samweli wa Kwanza, Hana alimtengenezea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea hekaluni. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, huku wakimwonyesha nguo ambazo marehemu aliwatengenezea.

Habari hizi nilizijua tangu Shule ya Jumapili. Lakini nilipoanza kufuma ndipo nilipotambua jambo moja. Hana alilia sana kabla hajashika sindano. Wajane wa Yafa walilia wakiwa na nguo mikononi. Machozi na kazi ya mikono si wageni wao kwa wao. Leo napenda kuwaeleza habari za kufuma skafu kwa uzi tunaoupaka rangi wenyewe, jinsi inavyofanyika, na jinsi kazi hiyo ilivyoisaidia nyumba yangu.

Nilivyoanza

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimehudumu katika wodi ya wazazi. Mwezi Machi 2017 nilipoteza mtoto wangu mwenyewe. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa wa kike, na moyo wake ulisimama kabla uchungu haujaanza. Maneno ya kumfariji mama aliyefiwa nilikuwa nayo, kwani ni sehemu ya kazi yangu. Siku ile hayakunifaa kitu.

Mume wangu na wazee wawili wa kanisa walikwenda kumzika nikiwa bado kitandani hospitalini. Niliporudi nyumbani, akina mama wa usharika walikuja kunipa pole. Walinipikia, walinifulia, na kwa upendo wakaniambia yale tunayoambiana siku zote: usilie, Mungu atakupa mwingine, mshukuru Mungu unao wawili. Baada ya wiki tatu hakuna aliyemtaja tena mtoto yule.

Hata nyumbani hatukumtaja. Mume wangu alikuwa mwema kwangu kama siku zote. Alinichotea maji, aliniuliza kama nimekula. Lakini juu ya mtoto hakutamka neno, nami sikutamka. Tulizungumza habari za ada, mbolea na paa linalovuja. Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Mama aliyewahi kukaa katika ukimya wa namna hiyo anajua uzito wake.

Sisi tunaishi Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi yetu si ya mchezo, asubuhi watu wanaamkiana "Kamwene!" huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Mama mmoja mzee wa usharika alikuwa na kitanda cha mfumi, alichojifunza kukitumia alipokuwa akiishi Iringa. Mji ule una sifa katika kazi hii, kwani ndiko kilikoanzishwa mwaka 2003 kituo cha Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu walifundishwa kufuma na kazi nyingine za mikono. Mama yetu huyo alitangaza kwamba kila Alhamisi alasiri angetufundisha katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Nilikwenda. Sikwenda kutafuta faraja. Nilikwenda kutafuta skafu.

Kwanza ujue uzi wako

Somo la kwanza lilikuwa la uzi, nalo linamfaa kila mama, hata yule anayefuma vitambaa vya meza tu. Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani kwa jina la sufu si za kondoo. Ni za kiwandani, mara nyingi za akriliki. Ukizipaka rangi ya pamba hazishiki, na fedha yako imepotea.

Namna ya kutambua ni rahisi. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukiwashe. Uzi wa pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Fanya hivyo mbali na watoto, kwa sababu tone hilo la moto likikugusa linachoma vibaya.

Sisi tunatumia pamba. Skafu moja yenye upana wa sentimeta 25 na urefu wa mita 1.8 inahitaji nyuzi za aina mbili. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu zinaitwa mtande, na uzi unaopita katikati kwa upana unaitwa mshindio. Mtande wetu una nyuzi 100, kila mmoja wa mita mbili na nusu, maana lazima ubaki uzi wa kufungia na wa matamvua. Hapo umekwisha tumia mita 250. Mshindio unakula kama mita 200 nyingine.

Kupaka rangi

Mtande unapimwa kwanza kwa kuzungusha uzi kati ya vigingi viwili vilivyopigiliwa kwenye ubao mrefu. Halafu tunaufunga sehemu kadhaa ili nyuzi zisichanganyike, tunauosha kwa maji ya moto na sabuni kuondoa mafuta, na ndipo tunaupaka rangi ukiwa mzima. Jambo hili ni la muhimu. Ukipaka uzi kabla ya kuupima, rangi hutawanyika ovyo. Ukiupima kwanza, kila rangi hukaa mahali pake, na skafu hubadilika taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine, kama mbingu za jioni.

Rangi tunazotumia ni za unga, zile zinazoshika pamba katika maji yasiyo ya moto. Uzi unaloweshwa kwa dakika 15 hadi 20 katika maji yenye soda ya kufulia, vijiko viwili hadi vitatu vya mezani kwa kila lita. Soda ndiyo inayoifanya rangi ishikamane na pamba. Unaukamua, unaulaza juu ya karatasi ya nailoni, kisha unapaka kwa brashi au kipande cha sponji. Usipake juu juu. Bonyeza mpaka rangi ifike ndani, vinginevyo utakuta madoa meupe.

Chagua rangi zisizozidi tatu, na uangalie zinapokutana. Bluu na njano zikikutana huzaa kijani kizuri. Nyekundu na bluu huzaa zambarau. Lakini nyekundu na kijani zikikutana huzaa rangi ya tope, na hapo hata maombi hayasaidii.

Baada ya kupaka, uzi hautakiwi kukauka. Unaukunja ndani ya ile karatasi ya nailoni na kuuacha usiku kucha, au hata saa 24. Hapa kwetu kuna tatizo moja ambalo watu wa Dar es Salaam hawalijui: rangi hizi zinataka joto la digrii 21 hivi au zaidi ili zishike vizuri. Mwezi wa Julai chumba chetu hakifiki huko. Kwa hiyo tunauweka mzigo wetu ndani ya ndoo yenye kifuniko, tunaifunika kwa blanketi na kuiweka jikoni karibu na mafiga yenye majivu ya moto, kama mtu anayelea vifaranga. Zamani watu walifungia kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, lakini tangu ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019, ndoo imetutosha kabisa.

Siku inayofuata unausuuza uzi kwa maji ya baridi, halafu kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, mpaka maji yatoke safi. Usichoke mapema. Skafu inayochuja shingoni mwa mtu siku ya mvua inakuharibia jina.

Kutandika kunataka watu wawili

Mtande ukikauka, unaingizwa kwenye kitanda. Kitanda chetu si kitu cha ajabu. Ni fremu ya mbao iliyotengenezwa na fundi seremala, yenye mti wa kuviringishia nyuma na mwingine mbele. Katikati kuna kitana cha vijiti vya mwanzi. Kila kijiti kimetobolewa tundu katikati kwa msumari wa moto, na kati ya kijiti na kijiti kuna nafasi. Uzi mmoja unapita kwenye tundu, unaofuata unapita kwenye nafasi, hivyo hivyo mpaka nyuzi zote 100 ziishe.

Kisha mtande unaviringishwa kwenye mti wa nyuma. Kazi hii huwezi kuifanya peke yako. Mmoja anazungusha mti na kutia karatasi ngumu kati ya mzunguko na mzunguko. Mwingine anasimama mbele akishika nyuzi zote, akizivuta kwa nguvu iliyo sawa. Akilegeza, skafu itakuja na mawimbi. Akivuta upande mmoja, itapinda.

Julai 2018 nilichukua kitanda nyumbani ili nimalize skafu yangu. Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, nilimwomba mume wangu anishikie nyuzi. Aliketi kwenye kigoda, akazizungushia mkononi kama anavyoshika kamba ya ndama. Mimi nilikuwa nimeinama nikizungusha mti. Hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Sote macho yalikuwa kwenye uzi. Nilikuwa nimeupaka bluu, na zambarau kidogo upande mmoja.

Tukafika katikati, akasema taratibu, "Mama, rangi hii ni ya kile kitenge chako."

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Kile kilichopotea."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hakikupotea. Ndicho nilichomfungia mtoto."

Sikuacha kuzungusha, naye hakulegeza nyuzi. Aliniambia yote usiku ule. Kwamba mvua ilikuwa ikinyesha. Kwamba wale wazee walitaka kumpokea lile sanduku dogo, naye akakataa, akalibeba mwenyewe mpaka chini kwenye miwati. Kwamba alimfunua uso mara moja kabla ya kufunika, akaona ana paji la uso kama la mama yangu. Kwamba hakuniambia kwa sababu aliogopa kuniumiza, na kila siku ilivyopita ikawa vigumu zaidi. Nami nilimwambia jina ambalo nilikuwa nimempa mtoto moyoni mwangu. Hakuwa akilijua.

Tulimaliza kuviringisha mtande saa sita za usiku. Ulikuwa umekaza sawasawa kila upande, wala sijapata mwingine mzuri kama ule. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alinipeleka mahali pale chini ya miwati.

Mkono unapofanya kazi

Baada ya hapo kazi ya kufuma ni kama mwendo wa miguu. Unainua kitana, nyuzi za kwenye matundu zinapanda, mwanya unafunguka, unapitisha kijiti chenye mshindio. Unakivuta kitana kuelekea kwako kugongea uzi ukae mahali pake. Unakishusha, mwanya mwingine unafunguka, unapitisha tena. Skafu moja ina mapito kama 720. Mshindio wenyewe tunatumia wa rangi moja tu iliyoiva, kama bluu ya giza au nyeusi, ili rangi za mtande zing'ae. Ukitumia mweupe, rangi zako zote zinafifia. Ukitumia nao wa rangi nyingi, zinagombana.

Pale nyuma ya kanisa tulikuwa akina mama saba. Vitanda viwili tu, kwa hiyo wawili wanafuma, wengine wanapima, wanapaka rangi, wanasokota matamvua. Alhamisi moja nilisema kwa sauti, kwa mara ya kwanza mbele ya watu wasio wa nyumbani kwangu, kwamba skafu ile ya bluu ina habari ya mtoto. Mama aliyekuwa akisokota matamvua karibu nami hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mimi nilizika wawili. Mwaka wa ishirini huu, hakuna aliyeniuliza walikuwa wa kike au wa kiume." Mwingine akasema naye ana mmoja. Kabla jua halijatua, tulijua kwamba kati yetu saba, wanne tulikuwa na makaburi madogo. Tulikuwa tumeimba katika kwaya moja miaka yote hiyo.

Nimefikiri sana kwa nini maneno yalitoka pale na si kwenye matanga, wala kwenye chumba cha daktari. Naona ni kwa sababu macho yana kazi. Ukiketi uso kwa uso na mtu anayekuhurumia, unabeba huzuni yako na ya kwake pia. Lakini mkiwa mmeketi bega kwa bega, mnatazama kitu kimoja, unaweza kusema sentensi moja, ukafuma vidole vitatu, kisha ukasema nyingine. Hakuna anayekuharakisha. Hata ukinyamaza, kazi inaendelea, na ukimya haumwaibishi mtu.

Wala msidhani ni habari ya wachache. Mwaka 2021 watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wamekwisha kufa, baada ya wiki 28 za ujauzito au zaidi. Kila mmoja wao alikuwa na mama, na wengi wa mama hao waliambiwa wasilie.

Tukaweka taratibu tatu. Linalosemwa kwenye kitanda haliendi sokoni. Hakuna kumlazimisha mtu kusema. Na neno "usilie" haliruhusiwi kuingia chumbani.

Je, kazi hii ina faida?

Mume wa mama mmoja aliuliza swali hili, na ni swali la haki. Skafu za mitumba zinauzwa kwa bei ndogo sana, na hatuwezi kushindana nazo. Skafu yetu moja, ukihesabu kupima, kupaka, kusubiri na kufuma, inachukua siku kadhaa za mama mwenye kazi nyingine nyumbani. Tunaziuza kwa wageni na kwa harusi, na mapato yamesaidia daftari na sare za watoto. Lakini hakuna aliyejenga nyumba. Mama anayetafuta mtaji wa haraka afuge kuku au apande viazi.

Hata hivyo, si kila faida huhesabiwa kwa shilingi. Mama yule wa makaburi mawili alikuwa akija kliniki mara kwa mara kwa maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Bado anatumia dawa zake za shinikizo la damu, na ni vizuri aendelee nazo. Lakini sasa analala.

Maonyo ya muuguzi

Kwanza, unga wa rangi hizi usivutwe puani. Unaweza kuleta pumu kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Vaa barakoa na glovu unapopima na kukoroga, funga madirisha upepo usiupeperushe, na mama mjamzito aachie wenzake kazi hiyo. Ukisha kukorogwa ndani ya maji, hatari inapungua sana, lakini glovu zibaki mkononi kwa sababu soda huchubua ngozi. Vyombo vya rangi visirudi kamwe kupikia chakula, hata vikioshwa mara kumi.

Pili, kufuma si dawa ya kila huzuni. Ukiona mama aliyejifungua au aliyefiwa hali, halali hata mtoto anapolala, hajali kitu, au anasema heri angekufa, na hali hiyo imezidi wiki mbili, mpeleke hospitali. Akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri hata siku moja. Kufanya hivyo si kukosa imani. Bwana aliyetupa maombi ndiye aliyetupa na waganga.

Tatu, tusiwasahau akina baba. Tumezoea kudhani mwanamume asiyelia hana jeraha. Ndiye aliyechimba kaburi. Mpe kitu cha kushika, keti karibu naye, wala usimtazame usoni. Ngoja.

Ndugu zangu, labda katika jumuiya yako yuko mama ambaye mwaka huu alikwenda hospitali na mzigo wa nguo ndogo akarudi nao vile vile. Usiende kwake na maneno mengi. Nenda na fungu la uzi, au hata mchele wa kuchagua mawe. Ketini pamoja mfanye kazi. Na ikifika wakati wake, muulize alikuwa wa kike au wa kiume, na kama alimpa jina. Akikutajia, litaje nawe. Huenda ikawa ni mara ya kwanza kulisikia kinywani mwa mtu mwingine.

Skafu ya bluu haikuuzwa. Mume wangu huivaa asubuhi za baridi anapokwenda kwenye viazi. Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.